Maswali ya Wasomaji: Maji Yakifika Kizingitini

Kila masika yanapokaribia, barua za wasomaji wetu wa Tanga huanza kuzungumzia mitaro, visima na mapaa. Safari hii tumechagua nne. Ya kwanza na ya tatu tumezijibu kwa kirefu, kwa sababu mambo yaliyomo yanagusa nyumba nyingi.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Tunaishi katika nyumba ya kupanga, bondeni, hapa Tanga mjini. Mvua kubwa ikinyesha usiku maji ya mtaroni huingia uani, na mwaka jana yalifika kizingitini. Ninakaa na mama mkwe aliyepooza upande mmoja pamoja na watoto wanne, na mume wangu ni baharia, hivyo mara nyingi hayupo. Nilisikia redioni kwamba kila kaya iwe na begi la dharura, nikaliandaa. Je, ninunue nini zaidi? (Mama Z., Tanga)

JIBU: Marahaba, Mama Z. Kabla ya kununua kitu kingine chochote, keti na wapangaji wenzako mkubaliane ni nani atakayembeba mama mkwe wako, mumtaje kwa jina, na mumtaje pia atakayeshika nafasi yake siku asipokuwepo. Katika nyumba nyingi nilizowahi kuuliza swali hili, jibu lilikuwa “tutasaidiana”, na neno hilo saa nane ya usiku, taa zikiwa zimezimika na kila mama akitafuta watoto wake, halimbebi mtu.

Mgonjwa aliyepooza ni vigumu kumbeba mgongoni penye utelezi, kwa kuwa hawezi kujishikilia. Kiti cha plastiki chenye mikono, kile kile cha shughulini, kinafaa zaidi, mradi miguu yake isiwe na ufa. Mketishe, mfunge kwa kanga mbili, moja ikipita kifuani chini ya makwapa na nyingine mapajani, kisha mtu mmoja ashike mgongo wa kiti kwa nyuma na mwingine miguu ya mbele, waondoke kwa hatua fupi huku wa mbele akiitazama njia. Fanyeni zoezi hilo mchana kweupe, akikalia kiti mtu mzima mwenye afya. Familia moja ninayoifahamu ililifanya Jumapili alasiri, watu wakawa wanacheka, hadi walipofika mlango wa uani wakakuta kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mpangaji aliyekuwa zamu ya kazini. Tangu siku hiyo ufunguo wa pili unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango.

Jambo la pili ni saa ya kuondoka. Chora mstari wa rangi kwenye ukuta wa uani, chini ya usawa wa kizingiti, muafikiane kwamba maji yakiugusa, mama anahamishiwa nyumba ya jirani iliyo juu, hata kama mvua inaelekea kupungua na hata kama yeye mwenyewe anasema mumwache alale. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimeta 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yakifika sentimeta 30 yanaweza kuinua gari dogo. Bajaji msiitegemee saa hiyo.

Begi lako liwe na dawa za mama za wiki nzima zikiwa katika pakiti zake zenye maelezo, kadi za kliniki, vitambulisho vya taifa, tochi na betri zake, vyote ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri. Maji ya kunywa yahesabu kwa lita 3 kwa kila mtu kwa siku. Nyinyi ni sita, hivyo siku tatu zinahitaji lita 54, yaani madumu matatu ya lita 20 yasiyojaa pomoni. Swichi kuu ya umeme izimwe mapema wakati sakafu bado ni kavu. Ukishasimama majini, usiiguse kamwe.

Maji yakishapungua, kisima cha uani kichukulieni kuwa kimechafuliwa, kwa sababu mafuriko hayachagui kati ya choo na kisima. Chemsheni maji ya kunywa mpaka yatokote, au tumieni vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mtoto akianza kuharisha, mpeni dawa ya kuongeza maji mwilini ya pakiti, na ikikosekana changanyeni lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa bila kilele. Mnywesheni kidogo kidogo huku mkimpeleka kituo cha afya.

SWALI: Taarifa za hali ya hewa hutaja rangi. Je, zina maana gani, na dharura ikitokea nipige namba ipi? (Msomaji, Pongwe)

JIBU: Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia ngazi tatu: angalizo, ambalo ni rangi ya njano, tahadhari, rangi ya machungwa, na tahadhari kubwa, rangi nyekundu. Rangi haielezi wingi wa mvua peke yake, bali hupima kwa pamoja uwezekano wa jambo kutokea na ukubwa wa madhara yake, kwa hiyo nyumba ya bondeni isingoje nyekundu ndipo ianze kujiandaa. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa 114, na polisi kwa 112. Unapopiga, anza kwa kutaja mtaa na alama inayojulikana, kama vile msikiti, shule au daraja, ndipo usimulie kilichotokea, kwa sababu simu ikikatika watakuwa wamekwisha kujua pa kuja.

SWALI: Sisi ni vijana 14 wa mtaa mmoja, wengine ni wavuvi na wengine waendesha bodaboda. Tumeamua kujitolea katika uokoaji na tumechanga fedha za kununua vizibao vya kuakisi mwanga vyenye jina la kikundi chetu. Tufuate utaratibu gani? (Katibu wa kikundi, Sahare)

JIBU: Ndugu Katibu, vizibao vina kazi yake, hasa usiku barabarani, ila nimeona vikundi ambavyo kizibao kilikuwa mwanzo wa kazi na mwisho wake, picha ikapigwa na mambo yakaishia hapo. Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi chini kwenye mitaa na vijiji, na kikundi kinachojulikana na kamati hizo huitwa kunapotokea jambo, wakati kile kisichojulikana huonekana kuwa ni watazamaji. Ombeni pia mafunzo ya huduma ya kwanza kwa Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, na ya moto na uokoaji kwa zimamoto.

Kazi yenu ya kwanza haina hata kamba. Chukueni daftari mpite nyumba kwa nyumba, mkiandika kwa ridhaa ya wenyewe ni wapi yupo mtu asiyeweza kutembea, asiyeona, asiyesikia, mjamzito aliyekaribia kujifungua, au mzee aishiye peke yake. Asiyesikia hataisikia mbiu hata ikilia dirishani kwake, kwa hiyo lazima awepo wa kumgusa bega. Daftari hilo ni siri ya watu. Likae kwa mwenyekiti na kwako wewe, wala lisipigwe picha na kusambazwa kwenye simu.

Ndipo tuje kwenye maji. Wavuvi wenu wanajua kuogelea, na hilo linanitia hofu, maana anayejua kuogelea baharini hudhani atauweza na mto uliofurika, wenye magogo, mabati na nyaya. Mfikieni mtu kwa fito, mkishindwa mrushieni kitu, na kumfuata majini msikufanye kuwa njia yenu. Chukueni dumu la lita 5 lenye kifuniko kizima, mtie maji kidogo ndani ili lipate uzito wa kuruka, mfunge kamba ya mita 15 au 20 kwenye mkono wake, kisha mjizoeze kulirusha likapite kichwani mwa mtu na kumrudia mikononi. Kutupa mara kumi kila Ijumaa jioni kutawafaa kuliko semina ya siku mbili. Mrushaji asijifunge kamba kiunoni, kwa kuwa mkondo ukiivuta utamvuta na yeye. Aishike kwa mikono ili aweze kuiachia.

Mkimtoa mtu majini akiwa hana fahamu wala hapumui kawaida, msimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo, kama ilivyozoeleka katika fukwe zetu. Hayo hupoteza dakika na huweza kurudisha matapishi kooni. Anayehitajika ni mtu aliyefunzwa kutoa pumzi za mdomo kwa mdomo na kukandamiza kifua mara 30 kwa kila pumzi 2. Hakikisheni angalau wanne kati yenu 14 wamefunzwa, wasiwe wote wavuvi, kwa sababu siku ya maafa nusu yao watakuwa baharini.

SWALI: Wazee wetu husema kimbunga hakifiki pwani yetu. Je, ni kweli? (Mvuvi, Tongoni)

JIBU: Wazee wana sehemu ya haki. Tanga ipo takriban nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, na karibu na Ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia inayoupa upepo umbo la kimbunga ni hafifu, ndiyo sababu vimbunga vingi vya Bahari ya Hindi hupita kusini zaidi. Hata hivyo tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na Bagamoyo, mikarafuu ya Unguja ikaangamia kwa wingi. Pemba, inayotazamana na Tanga, ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na hiyo ni moja ya sababu za karafuu kuhamia huko. Miaka 80 baadaye, tarehe hiyo hiyo ya 15 Aprili, mwaka 1952, kingine kiliipiga Lindi. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilisogea mpaka karibu na Mafia, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa.

Tangazo likitoka, basi, usilinganishe na anga unayoiona asubuhi, kwani bahari huweza kutulia siku moja kabla. Kivute chombo chako juu ya alama ya maji ya bamvua, kifunge kwa nanga mbili, na injini uipeleke nyumbani.