Kwa mwalimu mpya katika chama cha walimu wanawake: urafiki, kiti na daftari la fedha

Ukijiunga na chama cha walimu wanawake, iwe tawi la kata au umoja wa shule tatu nne zilizo jirani, usianze kwa kuulizia sare. Omba katiba na mihtasari ya vikao vitatu vya mwisho. Katiba itakuonyesha chama kinavyotakiwa kwenda, mihtasari itakuonyesha kinavyokwenda. Ukiambiwa muhtasari upo kichwani kwa Katibu, ujue umeingia kwenye kundi la marafiki ambalo bado halijawa chama.

Urafiki si tatizo, na bila huo hakuna atakayeacha nguo za kufua Jumamosi aje kusikiliza mada ya kufundisha hesabu za sehemu kwa darasa la watoto 90. Delta Kappa Gamma, chama cha walimu wanawake kilichoanzishwa Austin, Texas, mwaka 1929, kilianza na wanawake 12 waliofahamiana, wakiongozwa na Annie Webb Blanton. Huyu mwaka 1918 alikuwa mwanamke wa kwanza Texas kushinda cheo cha kuchaguliwa na jimbo zima, alipopewa usimamizi wa elimu. Hadi leo mtu huingia chama hicho kwa kualikwa. Lakini pamoja na ukaribu huo waliweka katiba, matawi na vipindi vya uongozi vya miaka miwili. Wenzetu hawa hawakuuachia urafiki peke yake kazi ya kuendesha chama.

Hapa kwetu Tanzania urafiki huvunjikia mahali patatu: fedha, sare na kiti.

Tuanze na fedha, maana ndiyo yenye machozi mengi. Chukua tawi la wanachama 30, kila mmoja anatoa ada ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Hiyo ni 150,000 kwa mwezi, 1,800,000 kwa mwaka, iwapo wote wanalipa, na wote hawalipi. Tuseme asilimia 60 inakwenda mfuko wa maafa: 1,080,000. Rambirambi ikiwa 100,000, mfuko unabeba matukio kumi tu kwa mwaka. Sasa hesabu wazazi, wenza na watoto wa watu 30, halafu ongeza wakwe. Ndiyo maana swali la wakwe lazima lijibiwe katika katiba kabla msiba haujatokea. Chama kikianza kujadili kama mama mkwe anahesabika wakati jeneza liko sebuleni, mfiwa hatasahau nani alisema nini.

Fedha taslimu mkononi mwa Mweka Hazina zisizidi kiasi kilichoandikwa, mathalani 50,000, nyingine ziende benki. Watia saini wawe watatu, wawili wakisaini hela inatoka, na wasiwe wote wa shule moja. Kila malipo yawe na stakabadhi, hata ya maandazi. Na upatu, yaani ule mchezo wa kupeana, uwe na kijumbe wake na daftari lake. Ukichanganywa na ada, siku mmoja akishindwa kulipa mchezo wataanza kuhoji hesabu za chama kizima. Anayedaiwa mtumie ujumbe wake binafsi. Kubandika majina ya wadaiwa kwenye grupu la WhatsApp huleta hela ya wiki moja na kinyongo cha miaka.

Sare za tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, zinahitaji kalenda. Rangi ya kitenge iamuliwe kikao cha Januari, fedha zote ziwe zimefika katikati ya Februari, maana fundi akipewa vitambaa 30 kwa pamoja anataka wiki mbili na zaidi. Kosa linalojirudia ni la mwenye roho nzuri: anawalipia watano waliochelewa, kwa mfuko wake, "mtanirudishia mshahara ukitoka." Wawili wanarudisha. Machi 8 wote wamependeza kwenye picha na watatu hawamwangalii usoni. Weka sharti moja: asiyelipa hadi tarehe ya mwisho anavaa kitenge chochote alicho nacho, na hakuna wa kumsema.

Kuhusu vikao, Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara hufaa kuliko nyingine. Epuka kuweka jambo kubwa Septemba, mwezi wa mtihani wa Darasa la Saba, au Novemba, kidato cha nne kinapofanya wa kwao: nusu ya wanachama ni wasimamizi, na akidi haitatimia. Mkutano mkuu uweke mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Desemba. Saa mbili zinatosha, dakika 40 za kwanza ziwe za taaluma: mada ya dakika 20, maswali 20. Taaluma ikiwekwa mwisho huliwa na michango, na mwaka ukiisha mnabaki kikundi cha kuzikana.

Katika mada, fuata mpangilio ambao Tuseme, mradi wa kuwawezesha wasichana kusema matatizo yao, umewafundisha tangu ulipoanzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996: wenye tatizo walitaje wenyewe, wachimbe chanzo, ndipo wapange hatua. Walimu tuna ugonjwa wa kurukia suluhisho.

Muhtasari mbovu unajulikana kwa sentensi kama hii: "Wajumbe walijadili suala la mafunzo ya walimu wapya na kukubaliana lifanyiwe kazi." Nani, lini? Andika hivi: "AGIZO: Katibu Msaidizi awapange walimu wapya wanne na walezi wao, kila jozi ikae pamoja kuandaa andalio la somo mara mbili kabla ya kikao kijacho. Taarifa itolewe kwenye Yatokanayo." Na ichunge sana ajenda ya Mengineyo. Mambo mazito hupenda kujificha hapo, saa ambayo watu wameshashika mikoba. Hoja yoyote ya fedha ikiibuka Mengineyo, isomwe tu, iamuliwe kikao kinachofuata.

Halafu kuna suala ambalo vyama vya wanaume hulipata kwa nadra: Mwenyekiti kujifungua. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Katiba iseme wazi kuwa siku hizo si utoro, na kwamba Makamu anakaimu na mamlaka yote, kusaini kukiwemo. Tawi lisilo na kifungu hicho hukaa miezi mitatu likimpigia mzazi simu kuhusu funguo za kabati.

Ukipewa nafasi ya uongozi katika mwaka wako wa kwanza, kubali Ukatibu Msaidizi, kataa hazina. Katibu Msaidizi anajifunza kila kitu na makosa yake yanafutika kwa kalamu.

Inawezekana siku moja ukawa Mwenyekiti na Mkuu wako wa Shule akawa mjumbe. Shikamoo inabaki palepale, na nje ya kikao yeye ni mkuu wako. Ndani ya kikao ananyoosha mkono kama wengine, nawe unampa nafasi kwa zamu yake, si kabla wala baada. Akimwandikia mwanachama mwenzenu barua ya kujieleza, shauri hilo si la chama cha kitaaluma: mwelekeze mhusika kwa mwakilishi wa Chama cha Walimu Tanzania (CWT), chama cha kutetea maslahi ya walimu, kazini kwake. Wewe ukae kando, hasa kama ni rafiki wa wote wawili.

Uchaguzi uwe wa kura ya siri hata mgombea akiwa mmoja, kwa kura za ndiyo na hapana. "Kupita bila kupingwa" hufurahisha siku ile, lakini humwacha kiongozi asijue wangapi wako naye. Kura zihesabiwe na wasiogombea, kutoka shule mbili tofauti. Na kundi la waliokuja kwa gari moja lisiketi benchi moja, maana wengine wataamini mambo yamemalizwa njiani, hata kama njiani mlizungumzia bei ya mchele.

Makabidhiano yafanyike ndani ya wiki mbili, kwa orodha iliyosainiwa pande zote: daftari la fedha, vitabu vya stakabadhi, muhuri, nywila ya barua pepe, uadmini wa grupu. Benki haitabadilisha watia saini bila muhtasari wenye azimio hilo, na majina yaandikwe yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. "Mama Neema" anajulikana na kata nzima, ila dirishani atarudishwa, na mpaka muhtasari mwingine usainiwe, hela ya rambirambi haitoki.