Toba au kitubio?

SWALI: Natafsiri hotuba ya Paroko inayofunga Hadithi za Canterbury za Geoffrey Chaucer, mshairi Mwingereza wa karne ya 14. Neno lake kuu nimeliandika "toba" kila mahali. Mwenzangu Mkatoliki anasema ni "kitubio", na kwamba sentensi yangu "padre anaungama waumini" ni kituko. Nani kapatia?

JIBU: Mwenzako, karibu kote. Toba ni ya moyo. Mwislamu huileta kwa Mola wake, Mlokole huitangaza mkutanoni, wala padre hahitajiki. Kitubio kimejengwa kutokana na tubia, kama kikalio na kalia: ni kitu cha kutubia. Ndiyo maana ipo Sakramenti ya Kitubio, na zile Salamu Maria anazokupa padre ukasali nazo huitwa kitubio. Paroko anawahubiria watu ambao, tangu Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Laterano wa mwaka 1215, walitakiwa kuungama walau mara moja kwa mwaka. Somo lake ni kitubio.

Tazama anavyokichora kama mti: mzizi ni majuto, matawi na majani ni maungamo, tunda ni malipizi, yaani matendo ya kufidia dhambi. Ukiuita mti mzima "toba", msomaji atauliza toba na majuto vinatofautianaje, na atakuwa na haki. Toba ibakize pale anaposihi tu mtu amrudie Mungu.

Malipizi yana mtego wake, maana kwa wengi kulipiza ni kisasi. Mara ya kwanza andika "malipizi ya dhambi", kisha endelea. Paroko mwenyewe anataja sadaka, sala, kukesha na kufunga, kwa hiyo hakuna atakayedhani mtu anavizia adui.

Kuhusu sentensi yako: muumini huungama dhambi, humwungamia padre, padre humwungamisha. Ulivyoandika, padre ndiye anayetaja dhambi, na dhambi zenyewe ni waumini!

Hukuuliza kuhusu zile dhambi saba, ila utazifikia. Chaucer anaziita za mauti, kisha papo hapo anafafanua kuwa ndizo wakuu wa dhambi, nyingine zote hutokana nazo. Bakiza "dhambi saba za mauti", na ufafanuzi uandike "vichwa vya dhambi". "Mizizi ya dhambi" inavutia, lakini mzizi amekwisha kuutumia kwa majuto, na mbele kidogo anautumia tena kwa kiburi, mzizi wa zote saba. Ukiongeza wa tatu, shamba litakushinda kupalilia.