Barua kwa mwanangu: jaji aliyepigiwa kura ya hapana

Mwanangu,

Sisi huku Morogoro hatujambo, na goti la mama yako limetulia. Juzi kwenye simu nilikujibu kwa haraka kwa sababu bando lilikuwa linakatika, nikaona swali lako linastahili barua. Ulisema karatasi yako ya kwanza ya kura tangu upate uraia imefika hapo Sacramento, na baada ya wagombea kuna majina ya majaji wa rufani: huyu aendelee, ndiyo au hapana? Ukaniuliza, "Baba, jaji anapigiwaje kura? Na mimi nitamjuaje?"

Kwetu Rais huteua, sisi tunasikia jina redioni. Huko California gavana huteua, tume ya watu watatu inathibitisha, kisha kwenye uchaguzi wa gavana unaofuata wananchi wanaulizwa. Jaji hana mpinzani. Muhula kamili ni miaka 12. Utaratibu huo ulianza 1934, na kwa zaidi ya miaka hamsini hakuna jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo aliyeangushwa, hadi Novemba 1986. Mimi nilikuwepo, mwanafunzi wa kilimo pale Chuo Kikuu cha Davis.

Aliyeangushwa ni Jaji Mkuu wa California, Rose Bird. Nilikuwa nimelisikia jina lake mashambani kabla sijalisikia kwenye siasa. Mwalimu wetu alitupeleka Salinas kuona mashamba ya saladi, na huko mzee mmoja wa Kimeksiko akatuonesha jembe alilokuwa ameliweka kama kumbukumbu. Mpini wake ulikuwa mfupi kiasi kwamba huwezi kulima bila kujikunja siku nzima. Wenyewe waliliita el cortito, yaani kafupi. Babu yako hakulima na mpini wa namna ile hata kwenye miteremko ya Uluguru. Mzee yule alitembea ameinama wakati hakubeba kitu. Jembe hilo lilipigwa marufuku 1975, Rose Bird akiwa waziri wa kilimo na huduma wa jimbo, mwanamke wa kwanza kuingia baraza la mawaziri la California. Mwaka huohuo alishiriki kuandaa sheria iliyowapa vibarua wa mashamba haki ya kupiga kura kuchagua chama chao cha wafanyakazi. Wenye mashamba makubwa hawakumsahau.

Kabla ya hapo alikuwa wakili wa umma kaunti ya Santa Clara, akiwatetea washtakiwa wasio na fedha. Gavana Jerry Brown alimteua Jaji Mkuu 1977, akiwa na miaka 40, hajawahi kuwa jaji hata siku moja. Tume ilimpitisha kwa kura mbili dhidi ya moja. Mwaka uliofuata wananchi walimpa ndiyo kwa karibu asilimia 52, pembamba mno. Hapo nakubali kwamba waliohoji uzoefu wake walikuwa na hoja ya kusikilizwa.

Kilichomwondoa ni adhabu ya kifo. Rufaa zaidi ya 60 zilipita mbele yake, na kila mara alipiga kura ya kutengua hukumu. Kwenye televisheni ya mama mwenye nyumba niliyopanga, matangazo ya kumpinga yalikuwa ya wazazi waliouliwa watoto wao. Nani angeangalia uso wa mama yule asikasirike? Nilikasirika. Kama ningekuwa raia, mwanangu, ningeweka hapana.

Nilikuja kuzisoma baadhi ya hukumu hizo miaka mingi baadaye. Swali kubwa mara nyingi halikuwa kama mtu ameua. Mwaka 1983 mahakama yake iliamua kwamba aliyeua katikati ya wizi hawezi kupewa adhabu ya kifo bila kuthibitishwa kwamba alikusudia kuua, kwa vile ndivyo walivyoisoma sheria iliyopitishwa kwa kura ya wananchi 1978. Wale raia 12 wanaoketi kusikiliza kesi walikuwa hawajaelezwa hivyo, basi hukumu zikarudi. Unaweza kuona wamekosea. Lakini hilo ni la kubishania kwa sheria mkononi, na tangazo la nusu dakika halikuwa na nafasi hiyo. Wala mimi sikuitafuta.

Usiku wa tarehe 4 Novemba takriban theluthi mbili walisema hapana. Akaanguka pamoja na majaji wenzake Joseph Grodin na Cruz Reynoso, mtu wa kwanza mwenye asili ya Amerika ya Kilatini katika mahakama ile. Gavana wa wakati huo, Deukmejian, akateua watatu wake, na 1987 mahakama ikaugeuza uamuzi ule wa 1983. Hata hivyo mtu wa kwanza kutekelezewa hukumu ya kifo pale tangu 1967 alikuwa Robert Alton Harris, 1992. Jumla walifika 13, wa mwisho 2006. Hasira yote ile ilikuwa kwa ajili ya kitu ambacho hata baada yake hakikufanyika sana.

Rose Bird mwenyewe alikwenda kujitolea kutoa fotokopi kwenye kituo cha msaada wa sheria, na mwanzoni hawakumtambua. Alifariki Desemba 1999 kwa saratani ya matiti. Habari hiyo iliniuma kama ya mtu ninayemdai radhi.

Sasa jina lililo kwenye karatasi yako. Hukumu za mahakama za rufani za huko ziko wazi mtandaoni, bure. Tafuta mbili alizoandika yeye mwenyewe, mojawapo iwe ambayo mwisho wake huupendi. Angalia kama hoja ya aliyeshindwa imejibiwa, au imerukwa. Usipopata muda, acha mstari huo wazi, kura zako nyingine hazitaharibika. Jina lenyewe nitumie pia. Nitamsoma huku, halafu Jumapili nipigie baada ya ibada, nitakuwa nimeweka bando la kutosha.

Baba yako