Maswali ya Wasomaji: Sahani Isiyo na Nyama

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa walioacha nyama: wengine kwa imani, wengine kwa ushauri wa daktari, wengine wameshindwa na bei ya buchani. Tumechagua sita.

Mama mkwe anasema nitaisha

*Niliacha nyama na samaki mwaka jana, na maziwa nayo siyatumii. Kila nikienda ukweni, mama ananiambia nitaisha, eti maharage hayana nguvu ya nyama. Nina kilo 60. Ni kweli protini hainitoshi? – Mke wa mtu, Morogoro*

Protini ndiyo inayoulizwa kuliko vyote, na kwa mtu anayeshiba ndiyo inayopungua mara chache. Mtu mzima anahitaji takriban gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwako ni gramu 48. Kwa kuwa protini ya mimea haisagiki yote tumboni, lenga 55.

Sasa tupige hesabu ya jikoni. Robo kilo ya maharage makavu, ikiliwa na watu wawili, inampa kila mmoja gramu 27 hivi. Ugali wa dona uliotoka kwenye gramu 150 za unga unaongeza kama 12. Kikombe cha choroko zilizoiva jioni ni 14, wali wake 5, na konzi ya karanga (gramu 30) ni 7. Umeshapita 60 na hujagusa uji wa asubuhi.

Mama ana hoja sehemu moja tu. Mahindi yana upungufu wa lisini, mojawapo ya viungo vinavyojenga protini, na maharage yana lisini tele. Maharage nayo yamepungukiwa methionini, ambayo nafaka inayo. Ndiyo maana makande ni chakula kamili kuliko mahindi peke yake. Waliobuni makande hawakuhitaji maabara. Si lazima vikutane chungu kimoja, ilimradi vyote viliwe siku hiyo.

Wanaodhoofika ni wale walioondoa nyama wakabaki na ugali na mchicha. Mchicha ni mboga nzuri, lakini gramu 100 zilizopikwa zina protini gramu 2 hadi 3 tu. Tui la nazi nalo hunenepesha mchuzi kwa mafuta, si kwa protini. Nyama ikitoka, mahali pake pakae jamii ya kunde: maharage, choroko, mbaazi, dengu, njugu mawe, soya.

Kuhusu gesi: loweka maharage saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, weka mapya, yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Maharage mekundu yasiyochemshwa vizuri yana sumu inayotapisha. Nyanya na ndimu zingoje yaive, kwa maana tindikali huyafanya yabaki magumu. Magadi yanalainisha haraka, lakini yanaharibu vitamini B1. Ukilazimika, chembe tu.

Nyayo zinanichoma

*Mimi ni Msabato, nina miaka 34. Miaka minne sasa sili nyama, samaki, mayai wala maziwa. Tangu Februari nyayo zinanichomachoma, usiku zinakufa ganzi. Rafiki ananiuzia unga wa mlonge na spirulina (aina ya mwani mdogo sana), anasema vina B12 kuliko maini. Ninunue? – Musoma*

Ndugu yetu, usinunue. Nenda hospitali wiki hii, na neno la kwanza umwambie daktari ni kwamba una miaka minne bila chakula chochote cha mnyama.

Vitamini B12 haitengenezwi na mmea wala na mnyama, inatengenezwa na bakteria. Wanyama huipata kwao, sisi tunaipata kwa wanyama. Ini la binadamu huweka akiba inayoweza kudumu miaka kadhaa, ndiyo maana mtu anaacha vyote, anajiona mzima mwaka wa kwanza na wa pili, kisha miguu inaanza. Mlonge hauna B12 ya kutegemewa. Spirulina ina kitu kinachofanana nayo, ambacho baadhi ya vipimo hukihesabu kuwa B12, lakini mwili wa mtu hauwezi kukitumia. Uyoga, togwa na mwani navyo usivitegemee. Wapo wanaosema mboga isiyooshwa sana inatosha kwa sababu ya udongo wake. Hiyo itakupa minyoo.

Usijitibu kwa asidi ya foliki peke yake. Itaipandisha damu, kipimo kitaonekana kizuri, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika, na ikichelewa sana haipoi yote. Jihadhari pia na vidonge vya mchanganyiko vyenye B6 nyingi: miligramu 100 na zaidi kwa siku, kwa muda mrefu, zinaweza kuleta ganzi hiyohiyo unayoikimbia. Daktari akiona dalili za mishipa, kwa kawaida huanza na sindano. Kipimo cha B12 hakipo kila hospitali. Kipimo cha damu cha kawaida huonyesha chembe nyekundu zilizovimba, ila kama na madini ya chuma yamepungua, ukubwa wa chembe unaweza kusomeka sawa na kumpoteza mpimaji. Kwa hiyo historia ya mlo wako ni muhimu kama kipimo chenyewe.

Kwa wasomaji wasio na dalili lakini wanaokula mimea mitupu: mahitaji ya siku ni mikrogramu 2.4. Mbona vidonge vinaandikwa 1,000? Kwa sababu tumbo lina njia maalumu inayopitisha mikrogramu 2 hivi kwa mara moja. Inayozidi hapo hupenya kama asilimia 1 tu. Hivyo ama unakunywa kidonge kidogo kila siku (mikrogramu 25 hadi 100), ama cha 1,000 mara mbili kwa wiki. Chagua vidonge badala ya kapsuli, kwani ganda la kapsuli nyingi ni jelatini ya wanyama.

Anayetumia maziwa na mayai ana nafuu: kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina B12 kama mikrogramu 1.1, yai moja nusu mikrogramu. Vikombe viwili na yai kila siku vinafikisha. Chai iliyotiwa rangi ya maziwa haifikishi. Na anayetumia metformin kwa ajili ya kisukari apime hata kama anakula nyama, kwa sababu dawa hiyo hupunguza ufyonzaji wa B12.

Bitiruti kila asubuhi, damu haipandi

*Sili nyama wala samaki ila maziwa natumia. Nimepimwa damu (hemoglobini) ikawa 10.2. Nakunywa juisi ya bitiruti kila asubuhi, nakula ndengu na sukuma, chai ya maziwa mara nne kwa siku. Miezi mitatu, hakuna kilichobadilika. Pia nina hamu ya kutafuna mawe yale ya sokoni. – Dada wa Kayole, Nairobi*

Dada, wekundu wa bitiruti ni rangi tu. Gramu 100 zake zina madini ya chuma miligramu 0.8. Kikombe cha ndengu zilizoiva kina karibu 3, na cha kamande ni zaidi ya 6. Mwanamke wa umri wa kuzaa anahitaji 18 kwa siku, na asiyekula nyama anashauriwa zaidi, kwa sababu chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida.

Tatizo lako kubwa linaonekana kuwa chai. Tanini ya majani ya chai hushikamana na chuma tumboni, na kikombe kimoja pamoja na chakula kinaweza kukata ufyonzaji kwa nusu au zaidi. Kahawa ni vivyo hivyo, na maziwa yaliyomo nayo yanachangia. Hatukwambii uache chai. Isogeze: saa moja kabla ya mlo au saa moja baada yake. Pamoja na mlo kunywa maji, au kula pera au chungwa, kwa kuwa vitamini C hufanya kazi iliyo kinyume cha tanini. Pera moja lina vitamini C kupita chungwa moja. Ndimu ikamulie sahani ikiwa mezani, maana ikichemka chunguni vitamini C yake huharibika. Kachumbari ya nyanya na pilipili hoho mbichi nayo inafaa.

Ndengu zako zilowekwe usiku, au bora zaidi zichipue: loweka saa 12, chuja, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku moja na nusu, ukizisuuza asubuhi na jioni. Zikichipua, fitati hupungua, na fitati ndiyo inayofunga chuma na zinki ndani ya mbegu.

Hayo mawe ni dalili. Hamu ya kula udongo mara nyingi huandamana na upungufu wa chuma, na udongo wenyewe unaweza kukizuia kisifyonzwe. Lakini kwa 10.2, wakati mwanamke asiye na mimba anatakiwa kuwa na 12 au zaidi, chakula pekee kitachukua muda mrefu mno. Uliza kliniki kuhusu vidonge, uvinywe mbali na chai na maziwa. Choo kikiwa cheusi usishtuke. Pia waangalie minyoo ya safura, malaria na hedhi nzito. Kama damu inavuja mahali, hakuna ndengu zitakazoziba.

Chungu bila chumvi

*Heri. Sisi ni Marasta, nyumbani chumvi haiingii chunguni. Tuko Arusha. Kuna tunachokosa? – Familia ya watu watano*

Ndiyo: madini joto. Kwa watu wengi wa Afrika Mashariki yanatoka kwenye pakiti ya chumvi, kwa sababu serikali zilichagua chumvi iwe ndiyo chombo cha kuyafikishia. Mmea una madini joto kulingana na udongo, na udongo wa milimani kwa kawaida ni fukara. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito na anayenyonyesha zaidi ya 200, na upungufu wakati wa mimba unaathiri ubongo wa mtoto, si rovu la shingoni tu. Kama msimamo ni kutotumia chumvi, tafuteni vidonge vya madini joto vya mikrogramu 150. Mwani si jibu, kiasi chake hubadilika mno, na yakizidi nayo huharibu tezi ya shingoni. Chumvi ya mawe isiyotiwa madini joto haisaidii. Na kama mihogo ndiyo chakula kikuu, haraka iwe kubwa zaidi: mabaki ya sumu yake huizuia tezi kupokea hayo madini machache yaliyopo.

Uji wa nafaka kumi

*Mtoto wangu ana miezi saba, nanyonyesha, nyumbani tunakula mimea tu. Nimenunua unga wa lishe wenye vitu kumi: mahindi, mchele, ulezi, mtama, ngano, soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga, korosho. Unatosha? – Mama wa kwanza, Mbagala*

Mama, wingi wa vitu si wingi wa lishe. Soya mbichi ina kizuizi cha usagaji wa protini, ikitaka moto mrefu kuliko mchele. Karanga zilizosagwa zikakaa kabatini huchacha, na kama zilikuwa na ukungu tangu ghalani unakuwa umesambaza sumukuvu kwenye unga wote. Chukua nafaka moja au mbili, vipimo vitatu, na jamii ya kunde kipimo kimoja. Soya ichemshwe nusu saa, ianikwe, ikaangwe ndipo isagwe. Karanga chambua, tupa zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, kaanga, twanga laini za siku mbili tatu, utie kijiko kwenye uji ulioiva.

Kosa la pili ni uji mwepesi kama maji. Tumbo la mtoto ni dogo, linajaa kabla hajashiba. Upike mzito, kisha uulainishe kwa kimea: loweka ulezi saa 12, uchipue siku mbili au tatu, anika, pukuchua vimizizi, saga. Ipua uji, uache upoe hadi uwe vuguvugu, koroga kijiko kimoja cha kimea, subiri dakika chache, utaona unalegea wenyewe. Ukitia uji ukitokota hakitafanya kazi, moto unaua kinacholainisha. Baada ya hapo urudishe jikoni uchemke tena, kuua vijidudu. Tumia ulezi, si mtama: chipukizi la mtama lina sumu ya sianidi.

Na hili ni la lazima: unywe B12 kila siku, maana maziwa yako yanabeba kile ulicho nacho, na mtoto hakuzaliwa na akiba kubwa. Anayekosa huanza kulegea, kutocheka, kusahau alichokuwa ameshajua kukifanya. Mwulize daktari wa watoto kuhusu matone ya B12 na ya chuma; umri huu chuma kinachohitajika ni miligramu 11 kwa siku, na uji peke yake haufiki. Kama mnaweza kumruhusu yai, kazi inakuwa nyepesi sana. Tui la nazi lisichukue nafasi ya ziwa.

Mifupa na mchicha

*Nina miaka 63, nimeacha maziwa. Mchicha kila siku unatosha kwa kalsiamu? – Babu wa Tanga*

Shikamoo babu. Hautoshi. Mchicha na spinachi zina kalsiamu nyingi kwenye karatasi, lakini oksaleti, asidi iliyomo kwenye majani hayo, imeifunga. Ya spinachi hufyonzwa kama asilimia 5 tu. Ongeza sukuma wiki, figiri na chainizi, ambazo zinatoa karibu nusu ya kalsiamu zilizo nayo. Zibadilishane na mchicha. Ufuta usagwe, mzima unapita kama ulivyoingia. Maziwa ya soya ya kukamua nyumbani yana kalsiamu kidogo, ya boksi ni yale tu yaliyoandikwa kwamba imeongezwa, na boksi hilo ulitikise vizuri kila unapomimina, kwa maana kalsiamu hutuama chini na wengi huitupa pamoja na boksi.