Shona kanzu Shaabani

Mwaka ule usiku wa mwezi 27 Ramadhani ulinikuta kwenye benchi la fundi cherehani, Darajani, Unguja. Wenzangu wako msikitini, mie nahesabu kanzu zilizonitangulia: 11. Kila nikimuuliza fundi, "Bado kidogo tu, mama," na kitambaa cha mwanangu nakiona kimekunjwa vilevile chini ya meza, hata mkasi haujakigusa. Kanzu tuliipata alfajiri ya sikukuu, mkono mmoja mrefu kuliko mwengine.

Simlaumu. Nilimpelekea kitambaa mwezi 20, nikitaka miujiza.

Siku hizi nguo za watoto zinashonwa Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, kabla hata ya vunja jungu, ile karamu ya kabla ya kufunga. Mafundi wana nafasi, na ukiona kasoro unarudisha. Viatu ndio nangojea kumi la pili la Ramadhani, maana miguu ya watoto haina adabu.

Jikoni nako nimejipunguzia. Zamani nilikuwa napika muhogo wa nazi, ndizi mbichi, tambi, kaimati na sambusa, vyote siku moja, halafu tarawehe nasinzia kwenye sijida. Sasa ni kitu kimoja cha nazi, kimoja cha kukaanga, na uji wenye pilipili manga. Basi. Muhogo naumenya asubuhi nauloweka kwenye maji; nazi naikuna baada ya alasiri, kwa sababu tui likikaa kwenye joto letu linachacha. Sambusa nazifunga Shaabani, nazigandisha. Mume wangu alinung'unika siku tatu za mwanzo, akazoea.

Vileja, biskuti zetu za sikukuu, nachoma mwezi 18 au 19. Vikipoa kabisa natia kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, nalificha juu ya kabati. Ukivifunika vina moto vinalainika, na ukiliacha kopo wazi utaikuta sikukuu na makombo.

Zakatulfitri, zaka ya kumaliza Ramadhani inayotolewa kabla ya Sala ya Idi, usiiache hadi mwisho. Ni pishi ya chakula kwa kila kichwa, mtoto mchanga naye yumo. Sisi wa mchele tunakadiria kilo 2 na nusu. Nyumba yetu ya watu sita ni kilo 15, nazinunua pamoja na mchele wa mwezi na kuzitia ndoo yake. Kuna mwaka nilikumbuka watu wanarudi kwenye Sala ya Idi. Niliitoa, lakini ikawa sadaka kama sadaka nyengine.

Na viungo vya pilau visagwe kabla ya mwezi 29, kwani mwezi ukiandama usiku ule, foleni ya mashine ya kusaga haiingiliki.