Wi-Fi ya chuo Malindi: kabla ya kununua vifaa vipya

Ndugu, unasema mna wanafunzi 400 hapo Malindi, na ikifika saa nne asubuhi simu zinashika Wi-Fi lakini intaneti hakuna. Usikimbilie kuongeza kasi kwa mtoa huduma. Fungua ruta kwanza, uangalie anwani za IP (namba ambazo ruta hukipa kila kifaa) zilizogawiwa. Mtandao wa /24 (ukubwa uliozoeleka kwenye ruta) una anwani 254 tu. Simu na laptopu za watu 400 huzimaliza mapema. Tena muda wa kushikilia anwani ukiwa saa 24, aliyekwisha kwenda nyumbani bado ana yake. Panua hadi /22, upate anwani 1,022, na muda uwe saa 2. Hilo halina gharama.

Kwenye masafa ya Wi-Fi ya 2.4 GHz, chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11, upana MHz 20. Kifaa cha kurusha Wi-Fi (access point) cha 5 GHz kifungwe ndani ya darasa, si barazani: kuta nene za matumbawe humeza mawimbi yake. Na msipandishe nguvu hadi mwisho (wengi hupenda hivyo). Simu itakisikia kifaa, chenyewe kisiisikie simu.

Kati ya majengo tandazeni faiba. Kebo ya shaba mwisho mita 100, na radi hupita humo ikachoma swichi za pande zote mbili. Swichi ya PoE (inayovipa vifaa umeme kupitia kebo ya mtandao) pigieni hesabu ya wati, si matundu tu: vifaa 12 vya wati 25 ni wati 300.

Vifaa vya nje viwe vya kiwango cha IP67 (visivyoingiza vumbi wala maji), viungio vizibwe dhidi ya chumvi.

Kuhusu eduroam (Wi-Fi ya pamoja ya vyuo vya nchi nyingi), waulizeni KENET, mtandao wa elimu na utafiti wa Kenya.