Wasomaji Wauliza: Seva Hujuaje Faili Zinazotumika Sana?

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi ni mwalimu wa Kompyuta katika shule moja ya upili karibu na Njoro, Kaunti ya Nakuru. Seva yetu ni kompyuta ya zamani ya mezani inayotumia Linux, yenye RAM ya gigabaiti 8 na diski ya terabaiti 2, na muhula huu tumefaulu kununua SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ndogo ya gigabaiti 120. Tumehifadhi humo mitihani ya KCSE ya miaka iliyopita, maelezo ya vitabu teule na video za masomo ya maabara. Ningependa faili zinazofunguliwa sana zikae kwenye SSD. Hata hivyo, nilipozitafuta kwa tarehe ya kufunguliwa mara ya mwisho, niliona kwamba karibu kila faili ilikuwa imefunguliwa Ijumaa usiku, hata zile ambazo hakuna mwanafunzi anayezigusa. Tena kila Jumatatu asubuhi seva huwa nzito mno katika kipindi cha kwanza, kisha huchangamka. Je, kiini cha mfumo (kernel), yaani programu inayosimamia kumbukumbu na diski, hakiweki hesabu ya faili zinazotumika mara nyingi?
Mwalimu, Njoro

JIBU: Mwalimu, hesabu unayoitafuta haipo. Kiini cha Linux hakiandiki popote kwamba karatasi ya Hisabati imefunguliwa mara 300 na ile ya Kilimo mara 2. Kinachofanya ni kutia alama za muda mfupi kwenye kurasa za data zilizomo katika kumbukumbu, na kutokana na alama hizo hukisia ni zipi zitakazohitajika tena. Lakini kwanza nieleze tarehe zako za Ijumaa, kwa kuwa ndizo zilizokupoteza njia.

Kama kila usomaji ungeandikiwa tarehe kwenye diski, kusoma kungezaa kuandika, na diski haingepumzika. Kwa sababu hiyo, tangu toleo la 2.6.30 la mwaka 2009, Linux hufuata kanuni iitwayo relatime isipoambiwa vingine: tarehe ya kufunguliwa husasishwa tu ikiwa faili imebadilishwa tangu isomwe mara ya mwisho, au ikiwa saa 24 zimepita. Wanafunzi 40 wakifungua karatasi moja katika kipindi kimoja, alama inayobaki ni moja. Nami nadhani Ijumaa usiku ndipo unapohifadhi nakala ya seva nzima kwa tar au programu inayofanana nayo. Programu hiyo husoma kila faili toka mwanzo hadi mwisho, na mbele ya kiini msomaji ni msomaji, awe ni mtahiniwa wa kidato cha nne au programu ya nakala. Ukiiendesha tar kwa chaguo la --atime-preserve=system, itasoma bila kugusa tarehe; hata hivyo, tarehe zitakazobaki zitakuonyesha faili iliyofunguliwa karibuni, wala si iliyofunguliwa mara nyingi.

Sasa tuje kwenye alama zenyewe. Faili inaposomwa, kiini huileta kwenye RAM ikiwa imegawanywa katika kurasa za kilobaiti 4, na huziacha kurasa hizo humo hata baada ya mwanafunzi kuifunga, kwa kutarajia kwamba mwenzake ataihitaji. RAM yako ina nafasi ya kurasa kama hizo zipatazo milioni 2, ndiyo maana daftari la kila mguso lingeifanya seva ishughulike na kuhesabu badala ya kuwahudumia watoto. Badala ya daftari, kurasa hupangwa katika orodha mbili. Ukurasa uliosomwa mara ya kwanza huingia katika orodha tulivu. Ukisomwa tena kabla haujaondolewa, hupandishwa hadi orodha tendaji. Nafasi ikihitajika, kiini huanza kuondoa zile za orodha tulivu. Nakala yako ya Ijumaa hupitia njia hiyo hiyo: yaweza kusoma zaidi ya terabaiti moja, lakini kila ukurasa umeguswa mara moja tu, kwa hiyo huingia na kutoka bila kuzisukuma nje kwa wingi karatasi za KCSE zilizokwisha kupanda.

Kuna sehemu moja ya utaratibu huu ambayo naipenda kuliko zote. Zamani, ukurasa ukishaondolewa, kiini kiliusahau kabisa, hata kama ungeitwa tena baada ya sekunde moja. Mwaka 2014, katika toleo la 3.15, uliingizwa msimbo wa Johannes Weiner ambao huacha alama ndogo mahali palipokuwa na ukurasa, mithili ya mkutubi anayechomeka kijikaratasi rafuni pale alipotoa kitabu. Kijikaratasi hicho hakina saa wala tarehe; kina namba ya zamu, ambayo huongezeka kila mara ukurasa mwingine unapoondolewa au kupandishwa. Ukurasa ukirudi, kiini hulinganisha namba ya sasa na ile iliyoandikwa, nacho hupata umbali uliopita. Umbali ukiwa haupiti ukubwa wa orodha tendaji, kiini huelewa kwamba ukurasa huo uliondolewa mapema mno, nao hupandishwa papo hapo bila kungoja kuguswa tena.

Hayo yote, Mwalimu, yamo ndani ya RAM. Seva ikizimwa Ijumaa, au stima ikipotea Jumapili, orodha zote mbili na vijikaratasi vyake hupotea kwa pamoja, na huo ndio uzito wako wa Jumatatu: kila karatasi lazima itoke upya kwenye diski inayozunguka. Washa seva nusu saa kabla ya kipindi cha kwanza, kisha iamuru isome kabrasha la mitihani na kuyatupa matokeo, kwa mfano cat /srv/mitihani/*.pdf > /dev/null, ukiweka njia ya kabrasha lako. Baada ya hapo endesha fincore juu ya faili hizo hizo, nayo itakuonyesha, chini ya safu ya RES, ni kiasi gani cha kila faili kimo kwenye kumbukumbu. Ukiiendesha tena adhuhuri siku yenye masomo mengi, bila kusoma kabrasha lote kwanza, utapata picha ya faili pendwa iliyo karibu na ukweli kuliko tarehe yoyote.

Kuhusu SSD, wazo lako si geni. Mwaka 2010 lilipendekezwa kwa mfumo wa faili wa Btrfs, kisha mwaka 2012 na 2013 kwa tabaka la VFS ambalo mifumo yote ya faili hulipitia: kila faili, na kila kipande chake, kiwekewe idadi ya kusomwa na kuandikwa, mara ya mwisho na wastani wa muda kati ya mguso na mguso, ili kipatikane kipimo cha joto, na data yenye joto ihamishiwe kwenye diski ya kasi. Msimbo huo haukuingizwa kwenye kiini. Kazi hiyo ilikuja kufanywa chini ya mifumo ya faili, kwenye vipande vya diski visivyo na majina, kwa programu zinazoweka nakala ya vipande vinavyotumika kwenye diski ya kasi: dm-cache iliingia katika toleo la 3.9 na bcache katika toleo la 3.10, yote ya mwaka 2013. Kwako napendekeza mojawapo ya hizo badala ya kuhamisha faili kwa mkono, kwa kuwa data iliyokwisha kuingia kwenye SSD hubaki hata seva ikizimwa. Bcache, isipobadilishwa, huruka usomaji mfululizo unaozidi megabaiti 4, kwa hiyo video ndefu na nakala ya Ijumaa haziwezi kuijaza SSD yako. Iache katika hali ya writethrough, ambapo kila kinachoandikwa hufika pia kwenye diski kubwa kabla ya kuhesabiwa kuwa kimekamilika. Kwa eneo lenye stima ya kukatikakatika, mimi nisingethubutu hali nyingine. Nakuomba sana uhifadhi nakala ya kila kitu kwanza, kwa sababu kuiandaa diski kwa bcache huweza kufuta yaliyomo.

SWALI: Mhariri, nina saiba hapa Kondele, Kisumu. Amri ya free hunionyesha kwamba kumbukumbu iliyo wazi ni kidogo sana, na rafiki yangu amenishauri niweke kazi ya kila saa ya kuandika 3 kwenye drop_caches, faili inayokiamuru kiini kitupe kurasa kilizozihifadhi, ili kompyuta iwe nyepesi. Nifuate ushauri huo?
Mwenye saiba, Kisumu

JIBU: Usiufuate, ndugu yangu. Utakuwa unatupa kila saa zile kurasa ambazo kiini kimejifunza kuzithamini, na wateja wako watangoja diski upya. Usitazame safu ya free. Tazama ile ya available, inayokadiria kumbukumbu ambayo programu mpya zaweza kupata bila kompyuta kuhamishia kurasa kwenye diski. Makadirio hayo kiini huyatoa chenyewe tangu toleo la 3.14 la mwaka 2014. Safu hiyo ikikaribia sufuri, hapo ndipo penye haja ya kuongeza RAM au kufunga baadhi ya programu.

SWALI: Mhariri, hujambo? Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Kakamega. Nimesikia kwamba viini vipya vimeacha orodha mbili na sasa vinahesabu kila kitu. Ni kweli?
Mwanafunzi, Kakamega

JIBU: Sijambo, mwanangu. Nusu yake ni kweli. Toleo la 6.1, la Desemba 2022, lilileta MGLRU, kazi iliyoongozwa na Yu Zhao, ambamo kurasa hupangwa kwa vizazi visivyozidi 4 badala ya orodha mbili, na zile zinazosomwa kupitia faili hugawanywa tena katika ngazi kulingana na mara zilizosomwa. Hapo kuna hesabu kidogo, ila ni ya kukadiria. Ili kujua kama yako imewashwa, soma faili /sys/kernel/mm/lru_gen/enabled; ukiona 0x0007, basi imewashwa kikamilifu.

Kwa utafiti wako ningekuelekeza pia kwa DAMON, chombo cha kiini cha kufuatilia matumizi ya kumbukumbu, iliyoingia katika toleo la 5.15 la mwaka 2021. Hiyo haichunguzi kila ukurasa: huigawa kumbukumbu katika maeneo, ikachagua ukurasa mmoja wa kila eneo na kutazama kama umeguswa, kwa kawaida kila milisekunde 5, kisha hujumlisha kila milisekunde 100. Maeneo jirani yenye tabia moja huunganishwa, na kila eneo hugawanywa upya ili tofauti zilizojificha ndani yake zionekane. Kumbuka tu kwamba hufuatilia anwani za kumbukumbu, wala si majina ya faili. Kulioanisha eneo lenye joto na faili fulani ni kazi utakayobaki nayo wewe.